Upepo wa Jana Hautoshi

Neno la Sikukuu ya Pentekoste
Masomo: Ezekieli 37:1–14 na Mathayo 25:1–13

Wengi wenu mmeliona lori la Mtaa likipita tena barabarani wiki hii, mkafurahi. Wengine mlikuwa mmetuuliza kwa nini lilikaa chini ya mwembe wa kanisa tangu Kwaresima, nasi tukawajibu kwamba linangoja spea. Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Tumeona haifai kuisherehekea Sikukuu ya Roho Mtakatifu huku tukiwaficha nusu ya habari. Basi leo tunawaeleza yote, na katika kueleza tutatafuta neno ambalo Mungu anatuambia, sisi kwanza, kisha na ninyi.

Lori lenyewe

Lori letu ni Bedford la zamani lililokuwa la jeshi. Malori ya Bedford yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, yakaenea katika majeshi ya nchi nyingi, na leo hayatengenezwi tena. Sisi tulilinunua mnadani likiwa tayari mzee, lina rangi ya majani makavu na namba za kikosi zilizofifia mlangoni. Nabii Isaya na nabii Mika waliona siku ambayo watu watazigeuza silaha zao kuwa vyombo vya shambani. Tulipoliona gari lililozoea kubeba askari likibeba mabati ya kanisa, saruji, machungwa ya mavuno na wanakwaya wanaoimba, tulisema mioyoni mwetu kwamba nasi tumeionja siku ile kidogo.

Huku chini tambarare lori halina taabu. Taabu iko mlimani. Ninyi mnaoishi juu, kwenye mashamba ya chai, mnaijua barabara ya kushuka kutoka Amani kuja Muheza: udongo unaoteleza, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande mwingine, hata ufike bonde la Sigi. Barabara ile haimwulizi mtu ana cheo gani kanisani. Inamwuliza neno moja tu: Una breki?

Breki za upepo

Lori zito halisimamishwi na nguvu za mguu wa dereva. Hakuna mguu wa mtu unaoweza kuzuia tani kadhaa za chuma zikiteremka mlimani. Anayefanya kazi ni upepo. Ubavuni mwa injini kuna chombo kiitwacho kompresa. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka. Ikishuka huvuta hewa, ikipanda huibana na kuisukuma kwa bomba hadi kwenye mitungi iliyofungwa chini ya bodi. Mbele ya dereva kuna geji inayoonyesha upepo ulioko mtungini. Mshale ukifika kama ratli 100 kwa kila inchi ya mraba, dereva ana raha. Ukiteremka kufika kama ratli 60, hiyo ni hatari. Kila akikanyaga breki, upepo kidogo hutoka mtungini, hufanya kazi yake, kisha hupotea hewani. Kompresa hurudisha kilichotumika.

Angalieni sana jambo hili. Kompresa haiumbi upepo. Hewa inayoivuta ni hii hii tunayoivuta sisi puani, na Mungu ameitoa bure. Kazi ya kompresa ni kupokea tu, saa zote injini inapozunguka, na kuweka akiba kwa ajili ya mteremko ulioko mbele. Nayo ikiacha kupokea, lori haliwi bovu papo hapo. Hapo ndipo penye hatari. Mitungi bado ina upepo wa tangu asubuhi. Dereva anakanyaga breki mara ya kwanza, lori linashika. Anakanyaga mara ya pili, linashika. Anasema, Hakuna neno, tunaendelea. Lakini kila breki inakula akiba, na hakuna kinachorudi.

Hatari ya namna hii imejulikana tangu zamani. Kabla ya breki za upepo, garimoshi lilisimamishwa na watu waliokimbia juu ya mabehewa wakizungusha breki kwa mikono, na wengi wao walianguka. Mwaka 1869 kijana wa Marekani, George Westinghouse, akiwa na umri wa miaka 22, alipata hati ya breki ya upepo. Breki ile ya kwanza ilikuwa na kasoro moja: upepo wote ulitoka kwenye kichwa cha garimoshi, na bomba likipasuka, mabehewa yote hayakuwa na breki. Mwaka 1872 akatengeneza breki nyingine, na kila behewa likawa na mtungi wake. Upepo ukitoweka bombani, breki zinashika zenyewe. Hata malori mengi ya siku hizi yana springi kali zinazokamata magurudumu upepo ukipungua. Lori letu ni la kizazi cha nyuma. Kwake yeye, upepo ukiisha, breki imekwisha.

Tuliyoyatenda

Mwezi wa Januari, utingo wetu alitujia baada ya ibada. Alisema, "Wazee, shikamooni. Geji inapanda polepole mno. Zamani tulikuwa tukiwasha injini, upepo unajaa kabla hatujamaliza kupakia. Siku hizi tunapakia, tunafunga turubai, na mshale bado uko chini. Na asubuhi nikifungua koki za mitungi kumwaga maji, yanatoka maji yenye mafuta." Tulimshukuru. Tukamwita fundi. Fundi akatazama, akasema ringi za pistoni ya kompresa zimelika. Mafuta ya injini yanapanda, yanaungua na kuwa masizi, na masizi yanaziba bomba. Akatuambia kompresa ibadilishwe, na kabla ya hapo lori lisipande mlimani.

Fedha zilikuwapo. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwapo, nazo mlizitoa ninyi kwa ajili ya lori. Lakini mwezi uliofuata Baba Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara, na sisi tuliona aibu lori lionekane na rangi yake iliyobabuka. Tukakaa kikao. Tukaamua lipakwe rangi kwanza. Kuhusu kompresa tuliandika katika kumbukumbu kwamba "jambo hili litaangaliwa baadaye." Maneno hayo yako kwenye daftari hata leo, na sahihi zetu ziko chini yake. Lori likang'aa. Watu wakalisifu, nasi tukapokea sifa hizo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliupaka ufa rangi.

Jumamosi ya pili ya Kwaresima palikuwa na mazishi kule juu. Dereva alituuliza kama aende, kwa maana geji ilikuwa vilevile. Msimlaumu yeye. Sisi ndio tuliomwambia, "Nendeni, wafiwa wanangoja, Mungu atawalinda." Kupanda walipanda salama. Wakati wa kurudi walikuwamo watu 31 nyuma: wanakwaya, akina mama wa Umoja, na watoto. Kona ya kwanza breki ilishika. Ya pili ilishika. Kona ya tatu mguu wa dereva ulikwenda mpaka chini, wala lori halikujali. Alikwisha kuwa katika gea ndogo. Akavuta breki ya mkono, ikatoa harufu ya kuungua na kuteleza. Hapo akafanya jambo moja lililobaki. Aliugeuza usukani upande wa mlima, lori likauparamia ukingo wa udongo, likasimama kwa kishindo. Upande wa pili wa barabara ni korongo. Tulikwenda kesho yake kupatazama, na hakuna aliyesema neno.

Hakufa mtu. Watoto wawili walichubuka, na mama mmoja mzee alivunjika mkono. Tulikwenda kumwona hospitalini, tukajipanga kando ya kitanda, tukampa pole, tukasema ilikuwa ajali. Alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema, "Mkono utaunga, wanangu. Lakini mbona ninyi mlijua, na sisi tuliopanda hatukujua?"

Hatukuwa na jibu. Kila mmoja wetu alirudi nyumbani na swali lile. Ndiyo sababu habari hii imeandikwa hapa, ili isibaki kwenye daftari letu.

Fundi na bomba

Kompresa ya gari la zamani haipatikani dukani kama chumvi. Tulitafuta wiki nyingi, hata tukapata moja iliyofanyiwa matengenezo mapya. Ilipofika tulifurahi, tukamwambia fundi aifunge siku ileile. Fundi wetu ni Mwislamu kutoka Tanga, mtu mtulivu na mcha Mungu. Aliishika ile kompresa mpya mikononi, akaiweka chini juu ya gunia, akasema, "Wazee wangu, mkifunga hii leo, baada ya miezi michache mtaniita tena. Kwanza tukitafute kilichoiua ile ya zamani."

Akaweka mawe kwenye magurudumu. Akafungua koki, upepo wote uliobaki ukatoka. Akalegeza bomba la hewa, bomba la mafuta na nati moja moja, akaitoa kompresa ya zamani. Kisha akatuonyesha bomba lile linalopeleka upepo mtungini. Tundu lililopaswa kupitisha kidole halikuweza kupitisha penseli. Lilikuwa limejaa masizi magumu kama makaa. Akatuonyesha na chujio la hewa. Lilikuwa limeshikana kwa vumbi, nasi tukaulizana ni nani aliyepewa kazi ya kulisafisha, tukaona hakupewa mtu. Vumbi likapita, vumbi likala ringi, ringi zikaachia mafuta, mafuta yakawa masizi, na masizi yakaziba njia ya upepo. Kumbe tulichokuwa tunakitafuta ni vumbi la barabarani tu, la kila siku, ambalo hakuna aliyelipangusa.

Alibadili bomba. Alimwaga uchafu wa mitungi na kuisafisha. Alikwangua gasketi ya zamani mpaka chuma kikaonekana, akaweka mpya. Alihakikisha njia ya mafuta iko wazi, maana kompresa isiyopata mafuta hujikaanga yenyewe. Ndipo akaifunga ile mpya. Injini ilipowashwa sote tuliutazama mshale ukipanda kama watu wanaotazama mtoto akisimama kwa mara ya kwanza. Lakini fundi hakuutazama mshale. Alichukua povu la sabuni akapaka kila kiungo, na mahali pamoja povu likafanya mapovu makubwa. Akakaza. Akazima injini, akakaa juu ya tairi kuukuu saa nzima, aone kama upepo utashuka. Haukushuka. Ndipo akanawa mikono.

Neno la Mungu

Ndugu zetu, katika lile bonde la Ezekieli kuna jambo ambalo tulilisoma mara nyingi bila kuliona. Nabii alipotabiri mara ya kwanza, mifupa ilisogeleana, ikapata mishipa, nyama na ngozi. Ukiisimama mbali ungesema ni jeshi kamili. Lakini Maandiko yanasema wazi kwamba pumzi haikuwamo ndani yao. Ilimlazimu nabii atabiri tena, aite pumzi kutoka pande nne. Hilo ndilo lilikuwa lori letu mwezi wa Februari. Bodi ilikuwapo, rangi ilikuwapo, sifa zilikuwapo, upepo haukuwapo.

Neno ambalo nabii alilitumia kwa Kiebrania ni moja kwa upepo, kwa pumzi na kwa roho. Hata katika Kigiriki, Bwana Yesu aliposema na Nikodemo usiku, neno la upepo na neno la Roho ni lilelile. Nasi katika lugha yetu twasema mtu aliyekufa amekata roho, maana pumzi na uhai ni ndugu. Kwa hiyo Mkristo asiyepokea Roho ni mtu aliyeacha kuvuta pumzi na anatembea kwa ile aliyoivuta jana.

Na kutembea kwa ya jana kunawezekana, kwa kitambo. Tunapenda kusema katika Mtaa wetu kwamba Injili ilihubiriwa Magila tangu karne ya 19. Ni kweli, na tunamshukuru Mungu. Wazee wetu waliomba, wakajenga kwa mawe, wakajaza mitungi. Sisi tumekuwa tukikanyaga breki kwa upepo wao. Watoto wetu wanabatizwa kwa sababu bibi zao walisali. Tunapatana tunapogombana kwa sababu bado tunaona haya mbele ya makaburi ya baba zetu. Lakini je, mshale unapanda? Wale wanawali watano wa Mathayo walikuwa na taa, na taa ziliwaka walipoondoka. Kilichowapungukia ni akiba. Tena waliponyimwa mafuta ya wenzao, Bwana hakuwalaumu wale wenye busara, maana kuna vitu ambavyo mtu hawezi kuazimwa kwenye mteremko. Kama yale mabehewa ya mwaka 1872, kila nyumba yapasa kuwa na mtungi wake, isiutegemee wa Padre.

Basi tunawasihi, kila mmoja aitazame geji ya nyumba yake. Yupo mume ambaye mkewe bado anamnyamazia akirudi amelewa, naye anasema, Ndoa yetu ni imara. Hiyo ni breki ya pili. Yupo mtu mwenye deni anayelipa kwa deni jingine, na kila mwezi linashika. Yupo mzee wa kanisa anayesimama kuomba mbele za watu kwa maneno aliyoyapata miaka ishirini iliyopita, na chumbani mwake hapigi magoti. Hao wote hawajaanguka, na kutoanguka si ushahidi wa kwamba mtungi umejaa. Nasi tunaowaandikia tulikuwa wa namna hiyo.

Tena tuangalie ni nani aliyeiona geji. Hakuwa Mwenyekiti, hakuwa Katibu, wala Mtunza Hazina. Alikuwa utingo. Katika nyumba nyingi anayeona kwanza ni mdogo: mtoto anayejua siku hizi hatusali jioni, au mke anayejua fedha zilikwenda wapi. Tukimshukuru kisha tukaandika "baadaye," tumemdharau Mungu aliyemtuma. Na wala tusimtwike Mungu ulinzi tuliokataa kuufanya sisi wenyewe. Tulimwambia dereva Mungu atawalinda. Kwa rehema zake aliwalinda. Lakini yalikuwa maneno ya watu waliotaka kuondoka kikaoni mapema.

Mwisho, tujifunze kwa fundi. Mara nyingi siku kama ya leo tunaomba Roho ashuke kwa nguvu mpya. Ombi ni jema. Lakini Bwana alisema juu ya divai mpya na viriba vikuukuu, na fundi alisema juu ya kompresa mpya na bomba lililoziba. Anayeomba nguvu mpya huku akitunza kinyongo cha zamani anafunga kompresa mpya kwenye masizi. Toba ni kukwangua gasketi mpaka chuma kionekane. Inakera, inachafua mikono, na haina sifa kama kupaka rangi.

Tulilokubaliana

Tumemwomba msamaha yule mama, naye ametusamehe. Gharama za matibabu yake tumezitoa mifukoni mwetu sisi tuliotia sahihi, si katika sadaka zenu. Leo tunawaomba msamaha ninyi nyote. Tena tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, hali ya lori na hesabu yake itabandikwa mlangoni mwa kanisa kila mwezi, ili swali la mama yetu lisiulizwe tena. Pili, utingo akisema lori lisiondoke, halitaondoka, hata kama mzee yeyote ana haraka. Tatu, chujio la hewa limepewa mtu wa kulisafisha, na koki za mitungi zitafunguliwa kila asubuhi. Ni mambo madogo. Lakini madogo ndiyo yaliyotuangusha.

Tuombe.

Ee Roho Mtakatifu, pumzi ya uhai wetu, tumekuwa tukiishi kwa akiba ya wengine na kujisifu kwa rangi ya nje. Utuonyeshe kilichoziba ndani yetu, utupe moyo wa kukiondoa, utufundishe kukupokea kila siku. Uwabariki wadogo wanaotuonya, utupe masikio ya kuwasikia. Utufikishe chini ya mlima sote pamoja, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Mtaa